Mkono wa Hawe

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayekonda huku tumbo linamfura, na mpishi ni wewe, njoo ukae hapa. Dawa ya kukupa sina. Nina aibu yangu tu, nikugawie, labda itakufaa kabla hujafika nilikofika mimi.

Kusoma sijui. Anayeandika haya ni mjukuu wangu Kadzo, mgonjwa mwenyewe, msichana wa miaka kumi na sita, yuko likizo. Tumepatana: mimi niseme yote, yeye asipunguze wala asitie chumvi. Ameshanikatiza tayari. Ati, "Hawe, usisahau lile jina ulilonipa." Sijalisahau. Andika wewe, usinifundishe.

Hawe ni bibi, kwetu Wagiriama. Na Kadzo ni jina langu mimi vilevile, alipewa la bibi yake, kwa hiyo sisi ni somo. Yeye ananiita hawe, mimi namwita somo. Mamake ni binti yangu Sidi, mpishi kwa mama mmoja Mtaliano kule Watamu. Hulala hukohuko, nyumbani huja Jumapili. Mtoto nimemlea mimi, hapa Matsangoni, kando ya barabara kuu, ninapouza mahamri na vitumbua tangu huyo Sidi akiwa mgongoni.

Watu huja kwangu kwa mambo mawili. La kwanza mkono wangu. "Hawe ana mkono," wanasema, maana yake nikigusa chakula kinanoga. La pili ni sauti. Mimi naiga watu. Chifu nikimfanya, mtu aliye nyuma ya nyumba anakuja ameshavua kofia. Mchungaji ninaye, mwalimu ninaye, wachuuzi wa samaki wote ninao humu kooni. Mteja ananunua kitumbua kimoja, anasimama kuwacheka wenzake, hajui kwamba akigeuka tu na yeye zamu yake imefika.

Sasa kuna neno la jikoni lazima ulijue. Kitumbua ni mchele. Unauroweka, unausaga, unatia tui, hamira, sukari, iliki. Lakini mchele peke yake una kiburi, kuna siku unavunjikavunjika kwenye chuma. Basi mama yangu alinifundisha: mwisho kabisa chota ngano kwa ngumi, ngumi moja tu, tupia humo, vishikane. Hiyo kwetu haiitwi ngano. Inaitwa mkono. "Umetia mkono?" "Nimetia." Basi. Ukiniuliza vitumbua vyangu vina nini nitakwambia mchele na nazi, na nitakuapia. Ngano ni ya mahamri.

Ilianza wakati wa mvua kubwa, Kadzo ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa akitoka shule anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena, na mvua juu yake. Nikadhani maji machafu. Nikamchemshia maji. Mvua zikaisha, choo hakikuisha. Miguu ikawa miembamba kama miiko, tumbo likatangulia mbele, na nywele nikimsuka zinabaki kwenye kitana. Midomoni vidonda. Mtoto aliyekuwa akikimbia kwenda dukani sasa anakaa katikati ya njia apumzike, kama mimi.

Na mimi nikampa jina. Nilimwita Kupe. Kupe wa ng'ombe, mwajua, tumbo tele na vijiguu. Akipita mbele ya wateja na ndoo yake nilikuwa nikinyanyuka pale kwenye jiko, nikalitoa tumbo, nikakunja magoti, nikatembea nyuma yake hatua kwa hatua. Watu wakicheka hadi chai inawatoka puani. Yeye hakugeuka. Nilidhani hajui kama niko nyuma yake. Sasa hivi nimemuuliza, kalamu mkononi. Amesema, "Nilikuwa nakiona kivuli chako."

Haya. Andika na hilo.

Jirani yangu ni Mama Dama. Sauti yake akiniita mimi, ngoja nikufanyie, ni ya kuku aliyeona mwewe: "Kadzo we! Kadzo! Huyo mwana ana kitu tumboni. Mimi sisemi neno. Mimi nimenyamaza zangu. Lakini ana kitu!" Akanyamaza hivyo kijiji kizima kikasikia. Na mimi, badala ya kumuuliza mtoto, nikamshika mkono hadi zahanati.

Watu wamejaa kwenye mabenchi, kina mama na watoto wa kliniki, na wanafunzi wenzake wawili waliokuja kufungwa vidonda. Nesi akatoa kichwa dirishani, sauti ya puani, hivi: "Wa kupima mimba ni nani? Nyanya, ni huyu? Huyu mdogo? Wewe, shika kikopo, choo kiko kule nyuma." Benchi zima likageuka kama kuku wanaotupiwa mtama. Kadzo akachukua kikopo. Akavuka uwanja wote ule na kikopo cheupe mkononi, jua la saa sita. Akarudi. Tukangoja. Nesi akatoa kichwa tena: "Hana." Mimi nikasema, na nilisema kwa sauti: "Pima tena."

Alipimwa tena. Hakuwa nayo.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na jibu. Dawa ya minyoo mara tatu. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akamfungisha siku mbili, na siku hizo mbili, niambie kama si kichekesho, tumbo likatulia kidogo! Tukasema maombi yamefanya kazi. Alipofungua nikamkandia mahamri ya moto kwa furaha. Kesho yake hakuinuka. Mzee mmoja wa huko ndani akasema ni pepo anataka kitambaa chekundu, tukanunua kitambaa. Majibu yote hayo, na wa kumuuliza Kadzo hakuna. Daktari akiuliza, "Unaumwa wapi?" mimi ndiye ninayejibu. "Anakula vizuri?" Mimi: "Anakula sana huyu, namlisha mwenyewe kwa mkono wangu."

Na kweli namlisha. Akisema, "Hawe, sitaki," nilikuwa nambana kidevu, nikimwambia, "Kula, somo. Mkono wa hawe hauui mtu." Ndiyo lilikuwa neno langu. Wateja walilijua, wakilirudia wao kwa wao.

Ukaja msimu wa joto, kaskazi. Siku moja anavuta ndoo kisimani, nikasikia kitu kama kijiti cha kuni kimevunjwa. Hakulia. Alisimama tu anautazama mkono wake umeinama pasipo na kiungo. Ndoo yenyewe haikuwa imejaa. Hospitali ya mjini wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, na daktari wa mifupa akauliza huyu ana miaka mingapi, nikamwambia kumi na minne, akanitazama kama nimemdanganya. Damu hakuwa nayo. Mfupa wa kikongwe. Ndipo Sidi alipoangua kilio mbele ya watu, akamchukua akae naye Watamu likizo hiyo.

Huko kwa yule Mtaliano mtoto akala makaroni ya wageni, akatapika uani. Mama wa Kitaliano akatoka na kofia yake ya ukili, mwembamba, mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Sidi alinisimulia, nami nikamchukua sauti mpaka leo ninaye: "Sidi! Bambina hii, toto hii, ngano hapana! Mimi sawasawa yeye! Mimi toto, tumbo kuuubwa, ngano hapana, sasa mzima! Angalia!" Na akapiga tumbo lake bapa kama ngoma. Kumbe huko kwao ni ugonjwa unaojulikana, wana hata makaroni yao ya mahindi, yeye analetewa na wageni wake. Una jina linateleza kama sabuni, mimi nalisema selia. Mwili haupatani na ngano, basi. Wengine matumbo yao yanaikubali, wengine inawachubua ndani.

Nilicheka. Jumapili Sidi alipokuja kunieleza nilimfanya yule mama, kofia na tumbo na yote, na Mama Dama akaongeza lake: "Ugonjwa wa Wataliano! Umepitia wapi ukaingia kwa Mgiriama? Kadzo amekuwa mzungu sasa!" Ikawa ndiyo salamu yake. Ciao, Kupe. Ciao.

Lakini wakampima damu, na mara ya pili wakampeleka Mombasa, wakamwingiza mpira kooni ukaende kutazama matumbo. Kule tulikaa kwenye viti vya plastiki toka asubuhi. Kadzo hajala, hajanywa. Kando yetu mwanamke mmoja anamlisha mwanawe biskuti, na Kadzo akageuza uso ukutani akahesabu vigae. Mama yule hakujua kitu, alikuwa mwema, akanyoosha biskuti moja: "Chukua, mwanangu." Kadzo akanitazama mimi. Hakumjibu yule, alinitazama mimi nimjibie. Nikamjibia. Nilidhani huko ndiko kumsaidia.

Majibu yakarudi. Mama wa Kitaliano alisema kweli. Daktari aliyetusomea, huku kwetu, ni kijana wa bara, mrefu, sauti yake imetulia, hivi: "Shosho, sikia. Hii ugonjwa dawa yake ni moja. Ngano kwisha. Mahamri, chapati, mkate, tambi, biskuti, kwisha. Hata ile unga imebaki kwa kucha. Maisha yote." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ninauza mahamri." Akasema, "Wewe uza. Yeye asile."

Akampa Kadzo daftari. Kila siku aandike alichokula na tumbo lilivyokuwa. "Ni yako," akamwambia. "Sio ya mama, sio ya shosho."

Wiki nne akiwa kwa mamake Watamu, wali na samaki na mchicha na ugali wa mahindi, mtoto akarudi na mashavu. Nilimwona anashuka barabarani nikadhani ni mwenzake. Akacheka! Mwaka na zaidi sikuwa nimeyaona yale meno. Na hapo ndipo nilipokula kiapo mbele ya Sidi: ngano haitapita mdomo wa mtoto huyu. Nikatenga sufuria yake, nikamfungia mahamri kwenye kasha. Na kwa kuwa nilimhurumia, ameyaacha mahamri ya bibi yake, kila asubuhi kabla ya shule nikamkaangia vitumbua vyake peke yake. Mchele na nazi. Chakula salama.

Umeshaona, wewe? Wewe umeona. Mimi sikuona.

Wiki ya pili, chooni. Wiki ya tatu, miguu ya kupe. Damu ikapimwa, daktari akasema anakula ngano. Mimi nikageuka nikamtazama mtoto. Nani mwingine? Kasha liko palepale, mahamri yananukia, na yeye ana njaa ya umri wake. Nikamwita mwizi. Nilipekua mkoba wa shule, nikapekua chini ya godoro, nikapata kitambaa cha hedhi na kipande cha kioo. Mahamri sikupata, na kwa kutoyapata nikazidi hasira, nikasema anayala hukohuko njiani. Nilimpiga na mwiko wa mbao, huu hapa, bado ninao. Nikampiga mgongoni, mtoto aliyevunjika mkono kwa ndoo ya maji. Na mbele ya wateja nikamwiga: sauti nyembamba, vidole mdomoni, "Mimi si-si-sijala, hawe!" Wakacheka. Hawakucheka kama zamani, nakumbuka. Lakini walicheka.

Asubuhi yake nikamkaangia vitumbua, nikamwambia hivi ndivyo vya kula. Akasema, "Hawe, sitaki." Nikambana kidevu. Neno langu unalijua.

Na lile daftari. Alikuwa akiandika kila siku, analiacha wazi pale mezani karibu na jiko, halifungi. Mimi niliona karatasi tu. Nilikuwa nikiepua sufuria naitua juu yake meza isiungue.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Mara ya tatu kwa daktari, zilikuwa mvua za vuli, tukaingia tumelowa. Akauliza, "Kadzo, unakula nini asubuhi?" Nikajibu, "Vitumbua, daktari, mchele mtupu." Akauliza, "Nani anapika?" Nikajibu, "Mimi, kwa mkono wangu." Akauliza, "Kadzo, wewe unaonaje?" Nikajibu, "Yeye anaona..." Akaweka kalamu chini. "Shosho, tafadhali ngoja nje."

Mimi! Nje! Nikakaa kwenye benchi pamoja na wenye kikohozi. Lakini mlango wenyewe ni ubao mwembamba, na masikio yangu ndiyo mali yangu. Nikasogeza sikio. Kisha Kadzo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, haina kigugumizi hata kidogo:

"Hawe anatia mkono."

"Anakupiga?"

"Ananipiga pia. Lakini siyo hiyo inayoniumiza tumbo."

"Sasa mkono gani?"

"Mkono wa vitumbua. Ngano ngumi moja. Anatia mwisho."

"Wewe umejua lini?"

"Mwezi ule wa kwanza wa vitumbua. Nimeandika humo."

Nikainuka niende zangu. Mlango ukafunguliwa. Daktari akaniketisha, akaniuliza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko tusi: "Shosho, nionyeshe hii mkono inakuwaje." Nikakunja ngumi. Hewa tupu. Akainama, akaifungua kidole kimoja kimoja, akapima kiganja changu kwa macho. "Hii yote?" Nikasema, "Hii si ngano, daktari. Huu ni mkono tu." Nikalisikia neno likitoka.

Akaliinua daftari. Kila ukurasa una duara la masizi la sufuria yangu. Akasoma ndani ya hayo maduara: "Jumatatu. Vitumbua vya hawe, mkono mmoja. Chooni mara nne. Jumanne. Vitumbua vya hawe, mkono mmoja. Sikwenda shule. Jumatano. Vitumbua vya hawe, mkono mmoja na nusu, kwa sababu mchele ulikuwa mbaya." Alisoma hadi nikamwomba aache.

Nikamgeukia mtoto. "Somo, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Nilikwambia. Nilisema sitaki."

Daktari akasema mambo mawili ambayo nakuachia kama alivyoyasema. La kwanza: mifupa itakaza kiasi, damu itarudi, lakini kimo kilichopita kimepita, huyu hatarefuka sana. Ukimwona leo utampa miaka kumi na mbili. Hicho nimekila mimi, ngumi kwa ngumi. La pili alimwambia yeye, siyo mimi: "Kadzo, unataka kwenda shule ya bweni, sivyo? Huko hakuna mama, hakuna shosho. Kuna mpishi na watoto mia. Nitakuandikia barua, lakini barua haina mdomo. Ukiweza kumkatalia shosho, utaweza kumkatalia mpishi. Ukishindwa kwa shosho, usiende."

Tangu siku hiyo akiingia kwa daktari anaingia peke yake, mimi nakaa benchi. Anajisemea. Mwanzo alikuwa akitoka na majibu nusu, amesahau kuuliza hili na lile, na mimi nawashwa ulimi kama nimekula upupu. Nikaung'ata. Akajifunza kusoma pakiti dukani, viungo vya mchuzi, soseji, hata unga wa pilipili, anapinda shingo anasoma maandishi madogo kama nyayo za siafu, na mwenye duka anapiga mluzi wa hasira. Akitembelea watu anabeba mihogo yake ya kuchemsha kwenye kopo. "Unatudharau?" wanamwambia. "Siwadharau, shangazi. Ngano inanichubua." Hulisema vilevile kila mara, bila kulia, bila kucheka. Kanisani kwenye meza ya Bwana alimwambia mchungaji mbele ya madhabahu, "Mkate huo siwezi, nipe kikombe tu." Mchungaji akamezea.

Lakini kunikatalia mimi alikuwa bado. Kwangu alihama. Sidi alisema, "Mama, mwanangu umemla," akamchukua Watamu mwaka mzima. Umemla. Kwa hasira ya mzazi hilo ni neno tu. Akalisikia Mama Dama, likawa jambo jingine. Kwetu huku kikongwe mwenye mvi na macho mekundu ya moshi akisemwa amemla mjukuu, tena somo yake, halichekwi. Wateja wakapungua. Waliobaki wakawa wanakaa mbali, wananunua bila kusimama. Kijana mmoja alitema mate karibu na jiko langu. Usiku nikawa nafunga mlango kwa mti. Sauti zangu zote zikanikauka, maana ukiwa unaogopwa huwezi kuiga mtu, watadhani unamroga.

Msimu wa maembe, mwaka jana mwishoni, Kadzo akaja. Hajaniamkia tangu zile mvua za vuli, hata tukikutana kwa daktari. Barua ya shule imetoka, shule ya bweni huko upande wa Magarini, zimebaki siku kumi aende. Alikuja asubuhi, wateja wapo, Mama Dama yupo na kikombe chake. Ana chuma kipya cha vitumbua alichopewa na yule mama wa Kitaliano, na mchele kausaga mwenyewe. Hakunisalimu. Alisogeza jiko la pili, akafuta meza yangu mara mbili kwa maji ya moto, akaniambia, "Hawe, fungua mikono."

Nikafungua. Akaitazama, akainusa kama mnunuzi wa samaki. "Kaa pale. Usiguse."

Mimi! Kwenye jiko langu! Nikakaa. Akaanza kukaanga. Bila mkono, mwanangu, vilivunjika. Cha kwanza kikawa makombo, cha pili kikapasuka katikati, cha tatu kikatoka kama sikio lililotafunwa na mbwa. Watu wakaanza kuguna. Mama Dama: "Tia mkono, mwana! Tia mkono!" Kadzo akasema, "Mkono ndio ulionilaza, Mama Dama. Ni ngano. Si mimba, si pepo, si hawe kunila. Mmesikia? Ngano." Vikombe vikatuliwa. Hata lori lililopita nadhani lilipunguza mwendo.

Kisha akachagua kile kibaya kuliko vyote. Akakishika kwa vidole viwili, akaja hadi niliposimama, nilikuwa nimeshasimama, akatoa tumbo mbele, akakunja magoti. Akanibana kidevu. Na kooni mwake ikatoka sauti yangu. Yangu hasa, na ile pumzi ya ugoro, na ule utamu wa uongo mwishoni:

"Kula, somo. Mkono wa hawe hauui mtu."

Watu waliangua. Mama Dama alimwaga chai. Walicheka vile walivyokuwa wakicheka zamani, na mimi katikati yao, mdomo wazi, kidevu kimebanwa. Vidole vyake vilikuwa na nguvu. Sikujua ana nguvu hizo. Wala sikujua kwamba hivyo ndivyo ninavyosikika.

Nikasema, "Sitaki."

Hakuniachia. Akanitazama, jicho kwa jicho, muda wa kutosha nihesabu vigae vyote vya Mombasa. Halafu akalegeza vidole, akanipa kile kitumbua kiganjani, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Basi usile, hawe. Ukisema hutaki, hutaki."

Nikakila. Kilikuwa kibichi katikati. Yeye akala kile cha pili, amenipa mgongo, na mwezi wa kwanza akaenda shule.